Unga wa gegedu la papa unakausha saratani? Tuliyoyakuta tulipofuatilia

Ujumbe ulitufikia kwa sauti, usiku, baada ya kipindi cha afya. Mama mmoja alieleza kwamba mdogo wake ana uvimbe kwenye titi tangu mavuno ya mwaka jana. Hospitali ya wilaya walimwandikia barua ya rufaa. Kabla hajasafiri, mtu anayezunguka na dawa kwenye magulio akawauzia chupa ya vidonge vilivyoandikwa kuwa vimetokana na gegedu la papa. Akawaambia papa haugui saratani, na kwamba gegedu lake linafunga mishipa inayolisha uvimbe hadi uvimbe unakauka wenyewe. Nauli ya hospitali ikaishia kwenye chupa. "Ndugu zangu wa redio," alimalizia yule mama, "nisaidieni, ni kweli au tumeibiwa?"

Tulimpigia siku iliyofuata tukamwambia jambo moja tu: barua ya rufaa isikae ndani. Lililobaki tuliomba muda tukasome. Na tuseme mapema, jibu halikuwa jepesi kama tulivyodhani, maana ndani ya maneno ya muuzaji yule mna punje ya kweli. Bila punje hiyo, biashara yenyewe isingekuwepo.

Panga ndani ya mwili

Tuanzie kwenye sufuria ya supu ya makongoro. Ukiilaza usiku kucha, asubuhi unaikuta imeganda na kutetemeka. Kinachogandisha ni protini iitwayo kolajeni. Miguu ya ng'ombe imejaa kolajeni, na mwili wako pia. Seli zetu zimeshikiliwa na nyuzi na utando wa kolajeni na protini nyingine kama nyumba za kijiji zilivyotenganishwa kwa ua. Mishipa ya damu nayo imezungushiwa utando wake. Kwa kawaida seli haiondoki ilipo ikaenda kwa jirani, kwa sababu ua upo.

Lakini zipo siku ambazo seli lazima itembee. Umejikata na jembe: seli za ngozi zinatakiwa zisogee zizibe pengo, na mishipa mipya ya damu iote ilishe nyama mpya. Ukitazama kidonda kinachopona vizuri unaona chini yake nyama nyekundu yenye vijipunje, inayotoa damu ukiigusa kidogo tu. Wekundu ule ni vimishipa vichanga. Ili vipite, ua ulifyekwa.

Anayefyeka ni kimeng'enya. Neno hili wanafunzi wanalijua kutoka darasani. Kwa wengine tuseme ni protini inayofanya kazi moja maalumu, kama vile kukata kitu kingine vipande. Tafuna ugali mtupu muda mrefu bila kumeza, utaona unaanza kuwa mtamu. Hapo kimeng'enya cha kwenye mate kinakata wanga kuwa sukari. Vinavyokata kolajeni ni vya ukoo mwingine, na binadamu anavyo zaidi ya 20. Kila kimoja kina chembe ya madini ya zinki mahali penye makali.

Kilichofichua ukoo huu ni kiluwiluwi, yule mtoto wa chura. Kila aliyechota maji bwawani amemwona: leo ana mkia, baada ya wiki kadhaa ni chura na mkia hana. Mkia ule haukatiki ukaanguka. Mwili wake unaumeng'enya. Mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapière, waliokuwa wakifanya kazi Boston, Marekani, waliweka vipande vya mkia wa kiluwiluwi juu ya kolajeni iliyogandishwa, mfano wa ile supu yetu. Kolajeni iliyozunguka vipande ikayeyuka. Vipande hai vya mkia vilikuwa vinatoa kitu kinachokata, na watu wakaanza kukitafuta hata kwa binadamu.

Na ala yake

Hakuna anayebeba panga wazi katikati ya watu sokoni. Panga lina ala. Mwili nao hauachi vimeng'enya hivi vizurure. Kwanza, vingi vinatengenezwa vikiwa vimefungwa, havikati mpaka vifunguliwe. Pili, seli zinatengeneza vizuizi vya asili, ambavyo ni protini ndogo zinazojichomeka sawasawa kwenye makali ya kimeng'enya, pale penye zinki, na kukiziba. Kizuizi kimoja kinafunga kimeng'enya kimoja, ala moja kwa panga moja. Ukoo mkuu wa vizuizi hivyo wataalamu wanauita TIMP, na kwa binadamu viko vinne.

Kwa hiyo swali si kama mwili una panga. Swali ni mapanga mangapi yako wazi na mangapi yamo ndani ya ala, mahali gani, na kwa muda gani.

Mimba ni mfano mzuri. Kijusi kinapojishika kwenye mji wa mimba, seli za kondo la nyuma zinafyeka njia kuingia ndani ya ukuta wa mama na kufikia mishipa yake ya damu. Zisipofyeka vya kutosha, mtoto hapati chakula. Zikifyeka bila kikomo, kondo linazama kupita kiasi. Ukuta wa mama unatoa vizuizi vinavyosema: hapa panatosha. Hata hedhi ya kila mwezi inategemea mapanga haya, maana ndiyo yanayobomoa utando wa ndani wa mji wa mimba.

Mfano mwingine anaujua kila mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani: kidonda cha mguu kinachokaa miezi. Wanapopima majimaji ya vidonda vya namna hii, watafiti wanakuta vimeng'enya vya kukata vimezidi na vizuizi vimepungua. Nyama mpya inajengwa asubuhi, jioni inabomolewa. Si sababu pekee, sukari nyingi na damu isiyofika vizuri vina sehemu kubwa, lakini inaeleza kwa nini kidonda kinaonekana kusimama palepale.

Uvimbe unapoomba damu

Sasa turudi kwenye saratani. Seli ya saratani ni seli yetu wenyewe iliyoacha kutii. Inazaliana bila mpaka, na baadaye zile mbaya zaidi zinatoka zilipozaliwa, zinapita kwenye ua, zinaingia mshipa wa damu na kwenda kuota kwenye mapafu, ini au mifupa. Kusafiri huku ndiko kunakoua wagonjwa wengi. Na kwa kusafiri seli hizo zinatumia mapanga yaleyale ya kolajeni. Wakati mwingine hazitengenezi zenyewe, bali zinazishawishi seli njema za jirani zitoe.

Kuna hitaji lingine. Uvimbe mchanga ukifika unene wa milimita 1 au 2, karibu na punje ya ulezi, hauwezi kuendelea kukua bila mishipa yake ya damu, kwa kuwa seli za katikati zinakosa hewa na chakula. Hoja hii ilitolewa mwaka 1971 na Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto huko Boston. Alisema uvimbe hutoa ishara ya kuita mishipa, mishipa ya jirani hufyeka ua na kuchipua kuelekea kwenye uvimbe, na tukiweza kuzuia uchipuaji huo tutauacha uvimbe na njaa. Wengi walimbeza kwa miaka. Walidhani mishipa iliyojaa kwenye uvimbe ni uvimbe tu uliochokozeka.

Folkman akajiuliza: je, ipo sehemu ya mwili ambayo mishipa ya damu haiingii? Ipo. Ni gegedu, ile nyama ngumu ya kutafuna iliyo kwenye ncha za mifupa, kwenye pua na masikio. Gegedu halina mishipa ya damu. Basi huenda kuna kitu ndani yake kinachoifukuza.

Kijana aliyepewa kazi ya kukitafuta aliitwa Robert Langer. Yeye hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa kemikali. (Wasikilizaji wanaokumbuka chanjo ya UVIKO ya Moderna: Langer huyuhuyu ni mmoja wa walioianzisha kampuni hiyo miaka mingi baadaye.) Alibeba mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, akakwangua gegedu, akalichuja na kulichuja tena. Kisha wakaweka kipande cha uvimbe kwenye jicho la sungura, sehemu ya mbele inayong'aa ambayo nayo haina mishipa, ili waone kwa macho mishipa ikiota kuufuata uvimbe. Pale walipoweka kando ya uvimbe kidonge chembamba kinachotoa dondoo la gegedu polepole, mishipa ilisuasua. Matokeo yalitangazwa mwaka 1976. Mwaka 1990 Langer na wenzake wakaonyesha kwamba protini mojawapo ndani ya gegedu inayozuia mishipa ni kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Yaani ala.

Hapo ndipo penye punje ya kweli. Gegedu lina kizuizi cha asili, na kizuizi hicho kikiwekwa jirani na mishipa kinapunguza uotaji wake. Hakuna anayebishana na hilo.

Papa anaingiaje?

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa habari za papa. Kuanzia Lamu hadi Mtwara anakaushwa na kupikwa kwa nazi, na mafuta ya ini lake, sifa, yamepakwa kwenye majahazi kwa vizazi. Mpishi yeyote atakwambia papa hana mfupa. Kiunzi chake chote ni gegedu. Ng'ombe mzima anatoa gegedu kidogo tu. Papa mmoja anatoa kilo nyingi. Mwaka 1983 Langer na Anne Lee walionyesha kwamba gegedu la papa nalo lina vizuizi vya mishipa.

Utafiti ule ulikuwa wa maabara. Lakini mwaka 1992 Mmarekani mmoja, William Lane, alitoa kitabu ambacho kichwa chake kilidai papa hawapati saratani. Mwaka uliofuata habari hiyo ikaonyeshwa kwenye televisheni kubwa ya Marekani, na unga wa gegedu ukaanza kuuzwa kwa chupa. Papa kwa maelfu wakavuliwa kwa ajili hiyo.

Dai la kwanza halikuwa kweli hata siku linaandikwa. Papa wanapata uvimbe na saratani, na wanasayansi wameandika visa vingi, vikiwemo vya uvimbe ulioota ndani ya gegedu lenyewe. Kama gegedu lingekuwa kinga kamili, lingeanza kujikinga lenyewe.

Dai la pili, kwamba kumeza unga kunatibu, lilipimwa kwa wagonjwa. Mwaka 1998 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 60 wenye saratani iliyosambaa waliopewa unga huo, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua kwa kiwango cha kuhesabika. Mwaka 2005 ukafuata mwingine wa wagonjwa 83 wa saratani ya titi na ya utumbo mpana, nusu wakipewa gegedu na nusu kitu kinachofanana nalo kisicho na dawa. Hakuna faida iliyoonekana, wala ya maisha marefu wala ya kujisikia nafuu. Mkubwa zaidi ulikuwa wa saratani ya mapafu, Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 379 waliokuwa wakipata pia tiba ya kawaida. Humu hawakutumia unga bali dondoo la majimaji la gegedu lililotengenezwa kwa uangalifu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2010. Nusu ya waliopewa dondoo walikuwa wamefariki ilipofika miezi 14.4. Kwa wasiopewa, ilikuwa miezi 15.6. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema dondoo liliwadhuru, lakini msaada haupo.

Kwa nini kumeza hakusaidii

Jibu la kwanza lipo tumboni. Kizuizi hiki ni protini, kama maharage na dagaa walivyo protini. Ukikimeza, tumbo na utumbo vinakifanyia kile kinachofanyiwa maharage: vinakikatakata hadi vipande vidogo kabisa, kisha vinavitumia kujenga chochote mwili unachotaka. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari anadungwa insulini. Insulini nayo ni protini, na angeimeza ingemeng'enywa kabla haijafanya kazi. Sungura wa Boston hakulishwa gegedu. Aliwekewa dondoo lililochujwa mara nyingi, milimita chache kutoka kwenye mishipa.

Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini wasitengeneze kizuizi ambacho tumbo halikiharibu? Walitengeneza. Na hapa ndipo sisi wenyewe tulipojifunza zaidi.

Miaka ya 1990 makampuni ya dawa yalibuni molekuli ndogo zinazoziba ile zinki ya kwenye makali. Moja ya mwanzo inayomezwa iliitwa marimastati. Kwa panya ilitia moyo sana. Kwa binadamu, majaribio makubwa yalipofanyika, wagonjwa kwa ujumla hawakuishi zaidi, na wengi walipata maumivu na kukakamaa kwa maungio, mabega na vidole, wengine hadi dozi ikapunguzwa au kuachwa. Dawa ile ilikuwa imefunga mapanga yote, ya adui na ya fundi aliyekuwa akikarabati nyumba. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya vimeng'enya hivi vinasaidia mwili kupambana na uvimbe, na kuvifunga ni kujinyang'anya silaha. Tena wagonjwa wengi waliojaribiwa tayari saratani ilikuwa imesafiri. Kufunga lango baada ya mbuzi kutawanyika porini hakuwarudishi zizini.

Vizuizi vya asili navyo vina sura mbili. Katika baadhi ya saratani, wagonjwa wenye TIMP ya kwanza kwa wingi kwenye damu wanafanya vibaya zaidi, si vizuri zaidi, kwa kuwa protini hiyo ina kazi nyingine mbali ya kuwa ala, ikiwemo kuzisaidia seli zisife. Kwa hiyo hata kama unga ungefika, mtu anayekuambia "kizuizi zaidi ni bora zaidi" hajui anachouza.

Wazo la Folkman lenyewe halikufa. Lilipita mlango mwingine. Badala ya kufunga mapanga, watafiti walilenga ishara inayoita mishipa, ambayo Napoleone Ferrara na wenzake waliitambua mwaka 1989. Dawa ya sindano inayokamata ishara hiyo, bevasizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Katika utafiti uliofungua njia, muda wa kati wa kuishi ulitoka miezi 15.6 ukafika 20.3 ilipoongezwa kwenye tiba ya kawaida. Karibu miezi mitano. Si muujiza, lakini imepimwa. Leo dawa za aina hiyo zinadungwa pia ndani ya jicho kuzuia mishipa mibovu inayopofusha watu wenye kisukari. Na bado zina bei yake mwilini: mtu anayetumia bevasizumabu hafanyiwi upasuaji mpaka iachwe kwa wiki kadhaa, kwa sababu kidonda hakitafunga vizuri. Ukizuia mishipa, unazuia na kupona.

Chupa iliyobaki

Mama yule alituuliza kama mdogo wake amalizie vidonge vilivyobaki, maana pesa imeshatoka. Daktari wa saratani tuliyezungumza naye alituambia avisimamishe na aende na chupa yenyewe hospitalini, asiifiche kwa aibu. Unga wa gegedu una kalsiamu nyingi, unaweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kufunga choo, na mgonjwa wa saratani wakati mwingine tayari kalsiamu yake imepanda. Aliye mjamzito, au anayesubiri upasuaji au ametoka kufanyiwa, hana sababu yoyote ya kugusa kitu kinachouzwa kwa sifa ya kuzuia mishipa ya damu.

Alitukumbusha pia kwamba uvimbe wa titi ambao bado haujasafiri unatibika kwa kisu, mionzi na dawa, na kwamba kila mwezi unaopita ni mwezi ambao seli zinaweza kuwa zinafyeka njia. Uvimbe usiouma ndio watu wanaupuuza, na kwa kawaida saratani ya titi haiumi mwanzoni. Vivyo hivyo damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma, kidonda kisichofunga, au chakula kinachokwama kooni kwa wiki kadhaa. Kwa Tanzania, Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa hospitali zinazotibu saratani. Kwa Kenya ipo Kenyatta jijini Nairobi na ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Safari huanzia kwenye kituo cha afya cha karibu, kwa kuandikiwa rufaa.

Kwa upande wa nauli, shemeji yake aliuza mbuzi wawili. Wiki iliyopita mama alitutumia ujumbe mwingine, mfupi kuliko wa kwanza: mdogo wake amefika, wamemchukua kinyama cha kupima, na wameambiwa warudi kwa majibu.